Chuma Kisichopakwa Mafuta

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa usafi. Nilikuwa mtoto wa skuli, darasa la tano, na siku hiyo ya Ramadhani Mama alikwenda msibani akachelewa kurudi. Unga wa mkate wa ufuta alioupiga mchana ulikuwa umeumuka mpaka unataka kutoka ndani ya bakuli. Nikaona niwahi mimi. Nikakitoa chuma cha kupikia mkate, cheusi, kikavu, kimekula masizi tangu kabla sijazaliwa, nikakisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka kikang'ara. Halafu, ili kazi ipendeze zaidi, nikakipaka samli.

Aliyelelewa Unguja ameshajua kilichonipata. Asiyejua nitamweleza. Mkate wa ufuta huokwa pande mbili bila ya kugeuzwa wenyewe. Kinachogeuzwa ni chuma. Unachota unga, unautandaza ndani ya chuma cha moto kwa mkono uliochovya maji, unaungoja utoe matundu, unanyunyiza ufuta, kisha unashika mkono wa chuma na kukiinamisha juu chini, uso wa mkate uangalie makaa. Hakuna kinachouzuia mkate usianguke ila ule mshiko wake kwenye chuma. Kwa hiyo chuma hicho hakipakwi mafuta hata kidogo. Hurashiwa maji ya chumvi tu, basi.

Wangu ulitoa matundu mazuri sana. Nikanyunyiza ufuta kwa mpango, nikakigeuza chuma kwa madaha kama nilivyomwona Mama akifanya. Mkate ukashuka mzima mzima, ukalala juu ya makaa kama mtu aliyefika kwake.

Mama aliingia uani na buibui lake bado liko kichwani. Akautazama moto, akakitazama chuma.

"Nassor."

"Naam, Mama."

"Nani kakikosha chuma changu?"

"Mimi."

"Na mafuta?"

"Mimi pia."

Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akacheka mpaka buibui likamwangukia mabegani. "Umekipamba kama bwana harusi," akasema. "Sasa kitashika kazi gani? Chuma cha mkate hakipambwi, baba. Ukikipaka mafuta unakiambia kiachie."

Jioni ile tulifuturu kwa muhogo wa nazi na tende. Baba, ambaye alikuwa karani huko bandarini Malindi, hapohapo mjini Unguja, na hakuwa mtu wa maneno mengi, akauliza mkate uko wapi. Mama akamjibu, "Moto haukungoja adhana, umetutangulia kufuturu." Dada yangu Rukia akapaliwa na maji. Mimi sikucheka. Nililala na aibu yangu, nikikiona kile chuma kinang'ara.

Nieleze kidogo tulivyokuwa tukiishi, kwa sababu wenzangu tuliokuwa wadogo miaka ile ya tisini mtanielewa, na wadogo zetu wa sasa watadhani natunga. Sisi wa mtaa wa Sokomuhogo tulikuwa tukijua saa kwa pua. Kitunguu kikianza kunukia uchochoroni, alasiri imeshapita. Ikifuatia harufu ya iliki na tui la moto, basi kaa karibu na nyumbani, utaitwa sasa hivi kupeleka sahani. Kila mama alikuwa akipeleka futari kwa jirani na kila jirani alikuwa akirudisha. Watoto tulipishana kwenye vichochoro na sahani zetu zimefunikwa kwa makawa ya ukili ya rangi rangi, na tulikuwa tukiyajua makawa kama mnavyojua nyinyi milio ya simu. Kawa jekundu na zambarau lilitoka nyumba ya juu, hilo lina sambusa. Lenye kishungi kilichokatika lilitoka kwa yule bibi wa kona, hilo lina tambi za sukari, na ukilibeba lazima ujizuie.

Nje ya Ramadhani kila msimu ulikuwa na kitu chake mdomoni. Upepo wa tiara, vile vishada vya karatasi, ulipoanza tulikuwa tukipanda juu ya mapaa na mabungo mifukoni, tunakula huku tunarusha, ukambaa mkononi unateleza kwa utomvu na sukari. Yakija mashokishoki, maganda yake mekundu yenye manyoya tulirushiana mpaka mtu analia. Masika yakiingia, paa letu lilivuja mahali palepale kila mwaka, na Mama aliweka sufuria palepale, kisha akatutilia chai ya tangawizi na mbatata za kuchemsha zenye chumvi na pilipili manga, tukakaa ngazini tunasikiliza matone yanagonga sufuria. Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Tulikuwa tukinunua barafu za ubuyu kwa kuhofia kwamba kesho hazitaganda.

Siku hizi nina mpwa wangu, kijana wa skuli, anakaa ghorofani na mama yake yuko chini jikoni. Akisikia njaa anaandika kwenye simu: kumeiva? Mama yake anamjibu kwa simu hiyohiyo: bado. Mimi huwa natamani kumwambia anuse tu. Lakini sina haki ya kujifanya mzee. Sijafika hata miaka arobaini.

Turudi kwenye chuma. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na nilikuwa hivyo tangu mdogo. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikiandika sentensi naifuta, naiandika vilevile tena. Basi mkate ule ulioanguka haukunitoka akilini. Hakuna aliyenifundisha, maana jikoni kwetu mtoto wa kiume alikuwa akiitwa kuvunja nazi na kununua makaa, kisha anafukuzwa. Nilijifunza kwa kukaa ngazi ya mwisho inayoangalia uani, nikijifanya nasoma. Nilimtazama Mama anavyopiga unga kwa kiganja mpaka ukawa unavutika na kulia ndani ya bakuli. Nilitazama lini anaongeza tui. Nikagundua kwamba hageuzi chuma yale matundu yanapoanza kutoka. Anangoja mpaka pembeni pakauke. Hayo hakunambia mtu.

Kwanza Mama alinipa unga wa mwisho wa bakuli, ule wa kukwangua, nijaribu. Nikaunguza, nikakausha, nikatoa mikate mizito kama kandambili. Yote niliila mwenyewe, kwa sababu sikutaka mtu aione. Halafu siku moja mkate ulitoka sawasawa, mwekundu juu, laini katikati, duara kama sahani, na Mama akaushika, akaugeuza, akautia kwenye sinia la Baba. Kuanzia hapo kazi ya mkate wa ufuta ikawa yangu. Niliifanya kwa ukali. Ukitoka na kidoa nilikuwa nausukuma pembeni. Ukitoka mzuri nilikuwa napata amani ya muda mfupi, mpaka wa pili yake.

Sasa, dada yangu Rukia. Alinizidi miaka minane, mcheshi, mrefu, na jikoni alijua kila kitu kasoro hicho kimoja. Pilau yake watu walikuwa wakiulizana. Lakini kuinama juu ya makaa na kugeuza chuma alikuwa akiogopa. "Uso wangu bado nnautaka," alikuwa akisema. "Mkate ninao mpishi wake, kazi yake ni kunung'unika tu."

Mwaka uliofuata ule wa mkate ulioanguka alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Malindi, na mama wa kijana alikuwa Bi Thuwaiba, mwanamke mnene, mwenye sauti, anayejulikana mtaa mzima kwa kupenda chakula na kukisema. Mama akaamua katikati ya mwezi wa Ramadhani kumpelekea mkwe sinia la futari. Akapika kuku wa nazi, Rukia akapika pilau na kukaanga katlesi, mimi nikapika mkate wa ufuta. Nilipika kana kwamba anayeposwa ni mimi. Baba akalibeba sinia, nami nikambebea chupa ya chai.

Siku ya pili jibu likaja, limebebwa na binti wa nyumba ile pamoja na sinia letu lililojaa vitumbua: "Bi Thuwaiba anasalimu. Anasema mkate wa mwari wake haujapata kutokea nyumbani kwake. Anasema harusi ikisha, siku ya kwanza Rukia kuingia jikoni, apike huohuo, ataita shangazi wote wa bwana harusi waje kuuonja."

Binti akaondoka. Tukabaki watatu uani tunatazamana.

"Mama, hukumwambia?" Rukia akauliza.

"Nimwambie nini? Hakuuliza."

"Mkate wa mwari wake! Mwari wake si huyu hapa?" Akanishika sikio. "Mvisheni huyu shela."

Tulicheka. Lakini siku zilivyokwenda cheko la Rukia likawa linapungua. Kwetu bibi harusi hupewa muda wake wa kukaa ndani na kutunzwa, kisha siku moja anatoka, anafunga kanga kiunoni na kuingia jiko la mkwewe. Anachokipika siku hiyo kitasemwa. Kitasemwa harusini, kitasemwa msibani, watakisema hata wasiokila. Rukia alikuwa anajua hivyo, na alijua kwamba ataingia nyumba ile na sifa isiyo yake. Idi ikapita, harusi ikawa inakaribia, akaja kwangu mwenyewe.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nifundishe."

Na hapa ndipo nilipoharibu. Nilimfundisha kama nilivyojifundisha, kwa kutesa. Nilisimama begani kwake. Akichota unga, "mwingi huo." Akichovya mkono, "maji yanatiririka." Akitandaza, "upande huo mnene." Akiinamisha chuma huku amefumba macho, nilikuwa nashtuka kabla ya mkate, naye akishtuka kwa sababu nimeshtuka, mkate unakwenda zake. Tulilisha makaa kila alasiri. Paka wa uani akanenepa kwa vipande vilivyookoka.

Siku moja akautupa upawa.

"Nassor, wewe unasahihisha hata pumzi. Nikivuta unasema nimevuta sana."

"Lakini umeanza kugeuza pembeni hapajakauka."

"Najua hapajakauka."

"Sasa mbona umegeuza?"

"Kwa sababu umenisimamia!" Akakaa chini palepale, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani ni moshi. Haukuwa moshi. "Kule sitakuwa na wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Utakuwa huku na daftari lako, na mimi niko kule na shangazi wanantazama. Nitafanyaje?"

Mpaka siku hiyo nilikuwa nahofia mkate. Sikuwa nimefikiri kwamba yeye alikuwa anaondoka.

Mama alikuwa akitwanga thumu. Akaweka mchi chini.

"Nassor, toka jikoni."

"Mama, hajaweza bado."

"Nnakwambia toka. Kakae barazani. Ukimsimamia hivyo hata maji atayaunguza."

Nikatoka. Nilikaa kwenye baraza ya mlangoni, mgongo ukutani, masikio yako uani. Sijapata kukaa mahali pagumu hivyo. Wenzangu walikuwa wakicheza gololi mbele yangu, mmoja akaniita, sikumsikia. Nilikuwa nasikiliza kiganja kinapiga unga. Anapiga polepole mno, nikajiambia. Halafu chuma kikagusa seredani, lile jiko letu la makaa. Halafu maji ya chumvi yakalia juu ya chuma. Kimya. Nikahesabu mwenyewe wakati wa kugeuza, ukafika, na sikusikia kitu. Ukapita. Atauunguza chini, nikasema, nikanyanyuka, nikakaa tena. Nikanyanyuka tena. Ndipo niliposikia cheko la Rukia, lile lake la zamani, na Mama anasema, "Haya, umeona?"

Mkate wenyewe ulikuwa mbaya. Nasema ukweli. Ulikuwa mnene upande mmoja na ukingo wake umeungua, ufuta umejikusanya mahali pamoja kama watu kwenye bomba la maji. Nilinyoosha mkono kuchukua kisu nikate ule ukingo, Mama akanipiga kwenye vidole.

"Uache. Haukuanguka."

Wiki zile zilizobaki alipika peke yake kila siku, na mimi nilipangiwa barazani. Hakufika kupika kama mimi. Lakini ulikuwa hauanguki.

Harusi ikapita kwa ngoma, halua na vilio. Siku yake ya jikoni ilipofika, Bi Thuwaiba akatuma tuitwe sisi watu wa kwa bibi harusi. Mimi umri wangu ulikuwa bado unaniruhusu kukaa na wanawake, nikakaa kwenye mkeka pembeni ya Mama. Shangazi walikuwa wengi, wananukia udi, wanazungumza kwa pamoja. Rukia akaingia na sinia, amejifunga kanga mpya, uso umeiva kwa moto. Akaniona, akaniinulia nyusi. Akaliweka sinia katikati.

Mikate ilikuwa minene upande mmoja. Niliitambua hata kabla ya kawa kufunuliwa vizuri.

Bi Thuwaiba akamega, akatafuna, akatazama juu. Sote tukangoja.

"Mwanangu," akasema, "huu sio ule wa Ramadhani."

Mama akaanza kufungua mdomo. Rukia akawahi.

"Sio, Mama. Ule alipika mdogo wangu, Nassor, huyo hapo. Huu ndio wangu."

Shangazi mmoja akasita na tonge mkononi. Wote wakanigeukia, nikautazama mkeka. Bi Thuwaiba alinitazama, halafu akamtazama Rukia, halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kumbe mpishi tumemwacha Sokomuhogo," akasema. "Tumeleta dada yake."

Wakaangua vicheko. Mmoja akasema mahari irudi, mwingine akasema bora niolewe mimi, nikaone cha moto. Rukia alicheka mpaka akakaa. Kelele zilipotulia, Bi Thuwaiba akamega tena, kipande kikubwa zaidi, na chenye ule ukingo uliokauka.

"Nikwambie siri, mwanangu? Mimi nimeolewa nyumba hii kabla mumeo hajazaliwa, na mkate wa ufuta sijauweza mpaka leo. Yangu ilikuwa inaanguka yote. Mamaake bwana alikuwa akinisimamia hapa, mkono kiunoni." Akaonesha mahali pa kusimama. "Nikaacha, nikawa nanunua. Wako umeshika. Kesho nipikie tena, na mimi sitaingia jikoni."

Rukia alipika kesho yake. Alipika na keshokutwa. Siku ile mimi nilirudi nyumbani na Mama, na Baba aliyekuwa akitungoja barazani, na njiani nilitembea nyuma yao, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka waone. Nililia kwa furaha, na nililia kwa sababu alasiri ile niligundua kwamba hanihitaji tena kwa mkate, wala uani kwetu hapatakuwa na mtu wa kuniita mwalimu.

Miaka imepita, sio mingi sana, lakini imetosha. Nyumba ya Sokomuhogo tuliihama. Mimi na wazee wangu tunaishi Mpendae, kwenye jiko la gesi lenye moto wa buluu, safi, usio na moshi. Ukigeuza chuma juu yake, mkate unababuka mahali pamoja na kwengine unabaki mweupe. Kule mtaani kwetu sahani bado zinapelekwa, lakini zinafunikwa kwa karatasi ya kung'ara, na huwezi kujua zimetoka kwa nani mpaka uulize. Watoto wanafuturu kwa chipsi. Ukiwaambia habari ya kukaa ngazini na mbatata yenye chumvi, wanakutazama kwa huruma. Mkate wa ufuta unaweza kuununua Mwanakwerekwe ndani ya mfuko wa plastiki, na sio mbaya, nimekula. Sijui aliyeupika kwa sura wala kwa jina.

Wasiwasi wangu haujaondoka. Ukurasa huu nimeufuta na kuuandika tena mara zisizosemeka, na bado naona pana mahali hapajakaa sawa. Kilichobadilika ni kimoja tu. Rukia ana watoto wanne sasa, na kila Ramadhani yeye ndiye anayetuletea mkate wa ufuta kutoka Malindi, mnene upande mmoja. Mimi siku hizi sipiki. Nangoja adhana, namega, nakula.